Msimu wa Pembe ya Bati

Mbugangari, Gisenyi. Jumatatu, 8 Julai 1957

Anayetaka kujua kama watu wanatawaliwa asihesabu askari. Atege sikio asikie ni nani anayesema na ni nani anayeitikia tu. Wazo hili lilinijia juu ya lori, likanifuata kutoka Goma hadi mlangoni mwa duka la Baba, nami naliandika kabla sijafungua sanduku.

Miaka miwili ya chuo kikuu huko Léopoldville imenipa mengi, lakini ni jambo moja lililoniwasha. Oktoba hii kinafunguliwa kitengo kipya cha elimu ya mawasiliano. Mtu atasomea gazeti, redio na usemaji wa hadharani kwa heshima ileile ambayo mwenzake anasomea udaktari. Sharti la kuingia ni kufanya uchunguzi kwa watu wako mwenyewe, kuonyesha habari inawafikaje, kisha kuitetea kazi hiyo mbele ya maprofesa.

Baba alinipokea kwa dua, akanilisha, akaniacha ninywe chai. Ndipo akauliza, mguu ukiwa bado kwenye cherehani: "Mwaka huu ndio unaanza sheria, sivyo?"

Nikamweleza kuhusu kitengo kipya. Alikata uzi kwa meno.

"Kadiri, mwanangu. Babu yako alitoka Ujiji kwa miguu ili wewe ukasomee umbea?"

Dada yangu Saidati alicheka mpaka akashika ukuta. "Lakini Baba, hiyo hata mi ningemufundisha. Na bure!"

Jumatano, 10 Julai

Vumbi. Ziwa limefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Baba anashona tu.

Jumatano, 17 Julai

Leo nimekwenda kwa Munyaneza, fundi wa bati, nikamchorea pembe ndefu, nyembamba mdomoni na pana mbele. Akaigeuza karatasi mara mbili.

"Hii ni ya kumwagia mafuta?"

"Ni ya kumwagia maneno."

"Bon. Basi nitaziba vizuri, yasivuje."

Alinitengenezea kazi safi. Niliijaribu nje ya karakana yake na mbuzi watatu wakakata kamba. Nalala na furaha.

Jumatano, 24 Julai

Leo ni siku ya soko kule Nyakiriba. Nimepanda na baiskeli ya kukodi, pembe mgongoni, hadi kwa rafiki yangu Théogène, ambaye tulicheza naye mpira utotoni kwenye mchanga wa ufukweni. Sasa ni mwalimu. Amekabidhiwa darasa jipya la serikali, kwa ajili ya watoto wa vilima vya mbali ambao hawajawahi kukalia benchi. Litafunguliwa Septemba. Mwisho wa mwezi huohuo mkaguzi atakuja, na akikuta mabenchi matupu, darasa litahamishiwa mkoa mwingine. Ameyasema haya akitabasamu, lakini alikuwa anakwangua rangi ya mlango kwa ukucha.

Nikamwambia, ndugu yangu, umepata mpiga mbiu wako! Uchunguzi wangu na darasa lako ni shamba moja.

Nilipanda juu ya jiwe jeusi katikati ya soko, kati ya magunia ya viazi na wanawake wa maharage. Nilichagua Kiswahili makusudi, kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumbani kwetu na kwa kuwa naamini ndicho kitakachotuunganisha kutoka Ziwa Kivu hadi baharini. Nikasema: Giza halifukuzwi kwa rungu, hufukuzwa kwa taa! Nikasema: Mzazi anayemnyima mtoto wake kalamu amempa mwingine kiboko! Nikamaliza kwa swali la uchunguzi wangu: "Wenye watoto wa umri wa shule, nyoosheni mikono!"

Haukunyooshwa hata mkono mmoja.

Sauti yangu ilifika mpaka ng'ambo ya bonde, niliisikia ikirudi. Wakatazama chini. Muda si muda wakaanza kufunga mizigo.

Wamelala, nami nitawaamsha.

Jumatano, 31 Julai

Nimesema kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Soko lilikuwa nusu ya lile la wiki jana. Théogène anasema ni mavuno ya mtama.

Jumatano, 7 Agosti

Robo ya soko. Koo limeniuma.

Jumapili, 18 Agosti

Joto. Saidati ameniuliza kama pembe yangu inaweza kuita mvua.

Jumatatu, 2 Septemba



Alasiri Théogène alifika dukani akiwa amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Hakusalimu. Aliiegemeza baiskeli kwenye nguzo, akaja kusimama mbele yangu.

"Unajua nimefungua shule na watoto wangapi? Wanne. Na wawili ni wa kaka yangu."

Nikaanza kusema kuhusu ujinga na usingizi wa karne. Akanikatiza.

"Nyamaza, Kadiri. Kwa mara moja tu, yewe, nyamaza! Unajua wanakuita nani? Mutu wa pembe. Donc, mutu wa pembe alikuja kuhesabu watoto. Anawahesabu ili wapelekwe Masisi, kule Kongo, kwenye mashamba ya wazungu. Watu wamehamisha watoto usiku, wengine iko kwa mashangazi Cyanzarwe, tayari kuvuka mpaka. Wewe ulidhani ni mavuno!"

"Lakini sikutaja Masisi hata mara moja!"

"Ulisema Kiswahili kwa kelele, ukiwa juu ya jiwe, umevaa suruali iliyopigwa pasi. Ukawaambia wanyooshe mikono. Pale juu nani mwingine aliwahi kuja hivyo? Karani wa kodi. Na askari. Hawakusikia shule, bwana. Walisikia amri."

Baba alikuwa amesimamisha cherehani. Hakuna aliyecheka, hata Saidati.

Sasa niko peke yangu na ninalipima jambo hili kila upande. Nilikwenda kuchunguza habari inawafikaje watu, na habari imewafika barabara, ila si ile niliyoituma. Niliwashutumu watawala kwamba wanaamrisha bila kuuliza. Mimi nimeuliza kwa sauti ya amri, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa swali langu lilivaa sare ya askari. Nilitaka kuwa sauti ya watu. Kumbe watu walipoisikia sauti hiyo walikimbia na watoto wao mgongoni.

Naandika kiapo hiki, na Mungu ni shahidi. Mkaguzi anakuja tarehe 30. Darasa la Théogène likifungwa kwa sababu yangu, sitaingia kitengo cha mawasiliano. Nitasomea sheria kama Baba anavyotaka na sitafungua tena mdomo hadharani, maana aliyefunga shule kwa ulimi hastahili kufundishwa namna ya kuutumia.

Alhamisi, 5 Septemba

Nina mpango. Nimemwomba Baba anishonee sare za watoto kutoka mabaki ya kaki, nizigawe bure. Akasema: "Kwa pembe hujafaulu, sasa unataka kunena kwa sindano yangu." Lakini amekata kitambaa.

Jumatano, 11 Septemba

Nimepanda Nyakiriba bila pembe, na furushi la sare. Nilizitundika kwenye kamba karibu na jiwe. Zilikuwa nzuri, za mifuko miwili. Watu walizitazama kwa mbali kama mtu anavyotazama nyoka aliyelala. Kisha mwanamke mmoja akasema kwa Kinyarwanda, na sauti ikapita soko zima: "Sasa wameleta na nguo za safari."

Ningecheka kama ningekuwa mtu mwingine.

Sikuondoka. Nilikwenda kuketi palipokuwa na kivuli, na kivuli hicho kilikuwa cha Mukandutiye, mjane anayeuza pombe ya mtama. Kwa vile huwauzia madereva, anajua Kiswahili cha barabarani. Alinijua mara moja.

"Aa! Mutu wa pembe. Leo umeisahau?"

"Nimeiacha, mama."

"Iko mgonjwa?"

Wateja wake wakacheka. Nikamwambia mimi si karani, ni mwanafunzi. Kwamba hakuna Masisi. Kwamba shule ni shule tu. Nilisema vizuri, tena kwa sauti ya chini. Aliniacha nimalize. Mteja akaja, naye Mukandutiye akachota kibuyuni, akanywa fundo yeye mwenyewe kwanza, akafuta mdomo, ndipo akampa. Ndivyo wanavyofanya huku, katika kila nyumba. Hakuna anayekubali kinywaji ambacho mwenye kukitoa hajakionja.

Akanigeukia. "Na we? Hii shule yako, umeionja?"

"Sielewi, mama."

"Mutoto wa kwenu iko ndani? Mmoja tu. Wa dada, wa kaka, wa nani."

Nikazitazama sare zangu kwenye kamba.

"Bon," akasema. "Basi usitunyweshe."



Alhamisi, 12 Septemba

Nimeuwasha moto nyumbani. Dada yangu ana binti, Zaituni, mwenye miaka saba, anayehesabu vifungo vya Baba upesi kuliko mimi, na hajakanyaga shule. Nilisema leo wakati wa chakula kwamba Zaituni aende kwa Théogène.

Saidati aliweka sahani chini. "Ili wamubatize?"

"Ni shule ya serikali, si ya misheni!"

"Zote iko na msalaba ukutani. Nani alirudi kutoka huko na jina lake? We ulikwenda kusoma Usumbura ukiwa mukubwa tayari, na ndevu. Huyu mutoto."

Nikasimama. Nikasema kwamba hofu ni gereza ambalo mfungwa mwenyewe hushika funguo. Kwamba Waislamu wa mji huu watabaki mafundi na matarishi mpaka kiama ikiwa—

"Kadiri," Baba akasema bila kuinua macho. "Itoe ile pembe mdomoni."

Nilitoka nje. Ngurumo zilikuwa zinatembea upande wa milima ya moto, kisha mvua ya kwanza ikaanguka, matone machache mazito, harufu ya udongo ikapanda. Nilisimama nikalowa. Nilikuwa nimewaita watu wa Nyakiriba waoga, na hofu yao niliikuta imeketi mkekani kwetu, ikila na sisi, tena ina sababu. Wale wanajua habari za watoto waliopelekwa wasirudi. Sisi tunajua habari za watoto waliorudi na majina mengine. Hakuna kati yetu aliyeiota tu hofu yake.

Jumamosi, 14 Septemba

Mvua. Sijasema neno kuhusu shule.

Jumatatu, 16 Septemba

Asubuhi nilimkuta Saidati akipanga vitenge mbele ya duka. Nikaketi kumsaidia kukunja. Baada ya muda nikauliza: "Dada, ungekubali kama nini kingekuwa kweli?"

Alinishangaa. "Unauliza kweli, ao unaanza hotuba?"

"Nauliza."

Alikunja viwili, vitatu. Kisha yakamtoka, na kila moja lilikuwa swali. Atalala wapi, maana Nyakiriba ni mbali? Atakula nini siku wakipika nguruwe? Wakati wa katekisimu atakaa wapi? Jina lake litaitwa vipi darasani? Na akiumwa, nani atashuka kuniambia? Sikujua jibu la hata moja. Miezi miwili nimelisifu darasa lile, na sijui mtoto analala wapi.

Nilisema, "Sijui. Nitakwenda kuuliza."

Akaacha kukunja. "Ee! Leo Kadiri hajui kitu. Baba, njoo usikie!"

Jumatano, 18 Septemba

Nimepanda, nimeuliza, nimeshuka, nimelowa kwenda na kurudi. Théogène alijibu yote kwa upole wa mtu aliyekata tamaa. Zaituni atalala kwa Xavérine, mama yake Théogène, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka darasani. Mama Xavérine alitaka tu kujua kama mtoto anakojoa kitandani. Kuhusu nguruwe alisema, "Sisi hapa nyama yenyewe tunaiona Noeli!" Wakati wa katekisimu mtoto atakwenda kwake kumenya maharage.

Nilipita kwa Mukandutiye. "Sijaonja bado," nikamwambia. "Lakini nimeuliza."

"Umerudi?" akasema. Ni hilo tu lililomshangaza. "Karani huwa harudi."

Ijumaa, 20 Septemba

Saidati ana maswali mengine mawili. Kesho napanda tena.

Jumamosi, 21 Septemba

Majibu: ndiyo, na hapana. Ameridhika zaidi na la hapana kuliko la ndiyo. Baba alisikiliza yote akishona, na jioni nikamwona anakata kaki kwa kipimo kidogo.

Jumatano, 25 Septemba

Siku ya soko. Sisi wanne tulipanda kwa lori la viazi linalorudi tupu: Baba na kanzu yake ya Ijumaa, Saidati na kitenge kichwani, Zaituni na sare yake, na mimi, ambaye nilikuwa nimeapa moyoni kutosema. Ilikuwa kazi ngumu kuliko hotuba yoyote niliyowahi kutoa.

Tulipita katikati ya soko kwa miguu. Watu wakafungua njia. Baba, ambaye hajui zaidi ya maneno kumi ya Kinyarwanda chenye adabu, aliyatumia yote kumi, akiwapa mikono wazee mmoja baada ya mwingine. Saidati alisimama kwa Mukandutiye.

"Huyu ni wako?" Mukandutiye akauliza, akimtazama Zaituni kuanzia kichwa hadi vidole.

"Ni wangu. Wa pekee."

"Na unamuacha hapa? Mana yanjye, Mungu wangu! Huogopi?"

"Naogopa sana," Saidati akasema. "Tangu jana sikula. Ijumaa namufuata, na kama hayuko, huyu kaka yangu namukata na makasi ya Baba."

Mukandutiye alicheka, cheko refu la tumbo, akampisha Saidati kwenye kigoda chake. Wakaketi. Waliulizana kwa muda ambao mimi ningetoa hotuba mbili: kuhusu homa, kuhusu wanaume, kuhusu bei ya chumvi, kuhusu Mama Xavérine kama kweli ni mkali. Wanawake wa maharage walisogea na vikapu vyao. Mmoja aliuliza sare ile ameshona nani. Baba akainua mkono, kama mwanafunzi.

Hakuna aliyetaja Masisi. Hakuna aliyeahidi kitu. Nilimtazama Théogène, naye alikuwa amesimama mlangoni pa darasa, amemshika Zaituni mkono, hathubutu kuita.

Ijumaa, 27 Septemba

Saidati alipanda alfajiri, akashuka na Zaituni jioni. Jina lake bado ni Zaituni. Anataka kurudi Jumatatu kwa sababu kuna msichana aitwaye Mukashyaka ambaye amemwazima jiwe la kuchezea na ni lazima alirudishe.

Nikamuuliza Saidati, Mukashyaka ni nani? "Binti wa Mukandutiye," akasema, akivua viatu. "Alikuja jana. Amekaa benchi moja na huyu."

Jumatatu, 30 Septemba

Mkaguzi alifika na gari dogo lililojaa tope. Nilikuwa nyuma ya darasa, dirishani, nimelowa, nikiona migongo tu.

Mabenchi hayakujaa. Sitaandika uongo katika shajara yangu. Benchi la mwisho lilikuwa tupu kabisa, na la kabla yake lilikuwa na watoto wawili walioshikana mikono. Lakini mengine yalikuwa na watoto, bega kwa bega, wengine na sare za Baba, wengine na mashuka yaliyofungwa shingoni. Mkaguzi alihesabu kwa kalamu hewani. Alimuuliza Théogène kwa Kifaransa kwa nini wengi wameanza kuja wiki iliyopita tu.

Théogène akajibu: "Wazazi walikuwa na maswali, bwana."

"Na yamekwisha?"

"Hapana. Ila sasa wanakuja kuniuliza mimi."

Mkaguzi alitia kalamu mfukoni. Kisha akasema darasa litabaki, na atarudi Pasaka. Gari lilipoondoka, Théogène aliketi kwenye lile benchi tupu, akafunika uso kwa mikono. Watoto walidhani ni mchezo, nao wakafunika nyuso zao.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimemsomea Baba kazi nitakayoitetea mbele ya maprofesa. Haina hesabu ya mikono iliyonyooshwa. Ina maswali tu: ya Saidati, ya Mukandutiye, ya Mama Xavérine, na namna kila moja lilivyopanda na kushuka mlima. Nimeandika wazi makosa yangu mawili, la pembe na la sare. Nilimwambia kwamba wanaweza kunikataa.

Alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Alikosa mara ya kwanza, mara ya pili.

"Nilidhani mtu husomea kusema," akasema. "Kusema unajua tangu tumboni, mama yako aliteseka. Kama huko wanafundisha hili lingine, nenda."

Alhamisi, 10 Oktoba

Mukandutiye ameshuka mjini. Alisimama kwenye baraza ya duka, miguu ina tope hadi magotini, akakataa kiti, kisha akakikubali. Saidati alimletea chai, akainywa fundo moja mwenyewe mbele yake kabla ya kumpa. Wakatazamana, wakacheka.

Kisha akanitazama. "Kesho unakwenda?"

"Kesho, mama."

"We unasomea habari. Bon. Mi niko na mutoto mukubwa, Hitimana. Alikwenda Katanga kwa migodi, mwaka ile njaa kubwa ilikuwa imekwisha. Walisema mwaka moja. Sijasikia kitu. Hata kwamba amekufa, sijasikia."

Ndiyo hiyo hofu niliyoipigia kelele juu ya jiwe.

Nilitaka kusema maneno makubwa, na nilikuwa nayo, yamejipanga tayari. Nikauliza: "Ana alama gani? Alipenda kuitwa nani? Aliondoka na nani?" Akajibu taratibu. Kidole cha shahada kilichokatika ncha. Anaimba akitembea. Aliondoka na watu wawili wa Cyanzarwe ambao nao hawajarudi.

"Siwezi kukuahidi, mama."

"Sikuomba ahadi," akasema. "Ahadi walituletea wengi. Uliza tu. Na hata kama ni mbaya, urudi."

Goma, Ijumaa, 11 Oktoba

Mvua imetuzuia hapa. Barabara ya Stanleyville imekatika mahali, lori litasubiri mpaka kesho. Tuko chini ya turubai pamoja na magunia ya kahawa. Dereva ni mtu wa makamo aliyejipakulia wali kwenye kifuniko cha sufuria. Nilikuwa namweleza kuhusu elimu ya mawasiliano, kuhusu redio itakayokuja kusema na watu wote kwa siku moja, na nilikuwa nimefika mahali pazuri sana pa hotuba yangu niliposita katikati ya sentensi, nikamuuliza kama amewahi kufanya kazi Katanga.

Ameacha kula. Anasema alikuwa huko miaka sita, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Ameanza kusema. Naweka kalamu chini.